Pongezi kwa Kumkamata Fundi Simu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara,
Dodoma.

Mheshimiwa, pokea pongezi kwa amri ya Julai 2025 iliyowafungia wasio raia biashara za aina 15, zikiwemo saluni, kutengeneza simu na kutuma pesa kwa simu. Siku zote tulidhani vijana wanakwamishwa na mtaji, umeme na utitiri wa tozo. Kumbe ajira zote zilikaliwa na fundi simu wa kigeni mwenye bisibisi. Sasa faini yake haipungui shilingi milioni 10, na taifa litapumua. Imebaki hesabu tu. Sensa ya 2012 ilikuta watu milioni 44.9, ya 2022 ikakuta milioni 61.7. Wengi wa hao karibu milioni 17 walioongezeka hawakuvuka mpaka wowote. Walipokewa na wakunga wetu wenyewe. Ikiwa kila anayeongezeka anampokonya mwenzake kazi, amri ingeanzia wodi za wazazi. Wazee husema kila mtoto huja na riziki yake, na uchumi hauwapingi: anayezaliwa atakula, atavaa, atapanga chumba, atanyolewa. Mgeni naye hupanga na hula. Mwaka 1980 Wakuba wapatao 125,000 waliingia Marekani, nguvukazi ya Miami ikapanda kwa asilimia 7. Mchumi David Card alipochunguza, hakuona mishahara ya wenyeji wa kipato cha chini ikiporomoka.

Utajibu, tena kwa haki, kwamba mchuuzi wa Kariakoo hawezi kushindana na mgeni mwenye kiwanda kwao na kontena bandarini. Kweli. Lakini mgeni kufanya kazi asiyoiombea kibali kulikuwa kosa tangu sheria ya ajira za wageni ya 2015. Sheria iliyokosa usimamizi haiponywi kwa kuandikiwa mdogo wake. Na kufukuza peke yake hakujazi maduka: Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka mwaka 1972, maduka yakabadilisha wenyewe, kisha bidhaa zikaadimika. Tena tangu 2010 tuko katika Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, na vitunguu vyetu vinauzwa Nairobi. Jirani naye anajua kuandika amri.

Basi simamia vibali vilivyopo, umpe kijana mkopo wenye riba anayoimudu na leseni isiyomzungusha ofisi hadi ofisi. Mgeni akiondoka bila hayo, kijana atarithi fremu tupu na kodi ya pango.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlipa kodi