Namna ya Kununua Mashavu Mjini Mandera

Harusi ni baada ya Idi. Mahari imekubaliwa, gauni la dirac limeshonwa, na habaryar, dada wa mama yako, amekutazama kuanzia kisigino hadi kidevu akasema neno moja tu: "Umekauka." Usilie. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, na kwa ajili ya kila mtu wa Mandera, Elwak, Rhamu na Takaba anayeamini kwamba uzuri hupimwa kwa mizani ya duka la mchele. Ukiufuata bila kuruka hatua, mashavu utayapata. Hali ya ubongo ulio nyuma ya mashavu hayo ni suala jingine, na hakuna mgeni wa harusi atakayeomba kuuona.

Anza kwa kuchagua duka. Epuka lile ambalo cheti cha Bodi ya Famasia na Sumu kimetundikwa ukutani na nyuma ya meza yumo mtu mwenye maswali. Mtu wa aina hiyo atataka kujua kama una kisukari, kama una mimba, kama uliwahi kuugua kifua kikuu, mambo ambayo hayaihusu harusi hata kidogo. Tafuta kibanda kinachouza dawa pamoja na betri za tochi. Humo utaambiwa, "Abaayo, nakuwekea za kunenepa," kisha kidole gumba kitabonyeza vidonge kimoja kimoja, vidondokee kwenye bahasha ndogo ya kaki. Ile foili yenye jina la dawa itabaki dukani. Juu ya bahasha patachorwa 1×2 kwa biro. Umeshatibiwa.

Kilichomo mara nyingi ni siproheptadini na deksamethasoni. Ya kwanza ni dawa ya mzio yenye tabia ya kuleta njaa na usingizi, haina maneno mengi. Ya pili ndiyo mwenye nyumba. Ni steroidi iliyotengenezwa maabara mwaka 1957 ili kuiga kortisoli, homoni ya tezi za adrenali, zile mbili ndogo zilizokalia figo. Na ina heshima yake: Juni 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba miligramu 6 kwa siku hupunguza kwa theluthi moja vifo vya wagonjwa wa Korona wanaopumua kwa mashine. Madaktari huitumia pia kupunguza uvimbe wa ubongo wenye saratani. Wewe unaitaka kwa ajili ya picha.

Hesabu kidogo. Mwili mzima hutengeneza kortisoli miligramu 10 hadi 20 hivi kwa siku. Deksamethasoni ya miligramu 0.75 peke yake ina nguvu ya kortisoli miligramu 20. Maana yake vidonge viwili vya nusu miligramu, yaani ile 1×2 ya biro, vimeshapita kazi ya kutwa kucha ya tezi zako. Bado hatujafika kwenye ile siku utakayoona harusi inakaribia na mashavu yanachelewa, ukajiandikia mwenyewe 2×3.

Usihofu kwamba dawa itapotea njia. Steroidi ni ya jamii ya mafuta, na utando wa seli nao ni wa mafuta, kwa hiyo hupita bila kubisha hodi. Ndani hukutana na kipokezi chake, huingia nacho hadi kwenye kiini, na kuanza kuwasha jeni hizi na kuzima zile. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, mara nyingine siku, ndiyo maana kidonge cha kwanza hukudanganya kwamba hakifanyi kitu. Vipokezi hivyo viko kwenye ini, misuli, mifupa, ngozi na ubongo. Hakuna njia ya kuiagiza dawa iishie mashavuni.

Mwaka 1968, Bruce McEwen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliwadunga panya homoni ya tezi za adrenali ikiwa imetiwa alama ya mionzi, wakaitafuta ilikokwenda. Ilikuwa imejikusanya kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu mpya. Hapo ndipo harusi ya Kisomali inapoingia. Tangu utotoni umekariri abtirsi, babu baada ya babu, na hayo huenda yakakaa mahali pake. Lakini sasa unatakiwa kushika majina ya wakwe: nani ni abti, yaani mjomba, wa bwana harusi, nani ni eddo, shangazi yake, nani hapaswi kukalishwa karibu na nani. Watu wenye ugonjwa wa Cushing, ambao miili yao humwaga kortisoli kupita kiasi, wamepimwa na kukutwa hipokampasi zao zimesinyaa na kumbukumbu ya maneno imeshuka. Wakitibiwa, sehemu ya kile kilichopotea hurudi. Wewe hutatibiwa. Tabasamu tu na kumwita kila mwanamke mzee "eddo". Mashavu yatakusaidia.

Kabla hujalipa, jiulize kama huna homoni hii ya bure. Kuanzia 1978, Mmarekani Robert Sapolsky alikuwa akija Maasai Mara mwaka baada ya mwaka, akiwapiga nyani kwa vishale vya usingizi na kuwatoa damu. Katika kundi lililotulia, nyani wa daraja la chini, wale wanaonyang'anywa chakula na kupigwa bila kosa, walikuwa na homoni ya msongo kwa wingi hata wakiwa wamepumzika. Mandera haina haja ya nyani. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosekana misimu 5 mfululizo, na mfugaji aliyesimama juu ya mizoga ya ng'ombe wake alikuwa na tezi zinazofanya kazi ya ziada bila malipo. Mashavu lakini hakupata. Kortisoli ya mwili hupanda na kushuka: hufika juu unapoamka na kuswali Subuhi, huteremka mchana kutwa, na kufikia saa 6 usiku imekaribia kuisha. Ili uso uvimbe sawasawa inabidi isishuke kabisa, na hapo ndipo bahasha ya kaki inapomshinda Mungu aliyekuumba na usiku.

Kwa hiyo kidonge cha asubuhi ukikisahau, meza vyote viwili usiku baada ya chakula. Daktari angesema asubuhi, ili kufuata saa ya mwili, lakini huyo ndiye yule mwenye maswali. Miligramu 1 ya deksamethasoni saa 5 usiku ni kipimo halisi cha hospitali. Mtu humezeshwa hiyo, damu huchukuliwa saa 2 asubuhi, na kama ni mzima hukutwa kortisoli yake imezimika karibu yote. Haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia homoni, imeona homoni imejaa, ikaacha kuiamuru pituitari, tezi iliyo chini yake, pituitari ikanyamaza, tezi zikalala. Hospitali hufanya hivyo usiku mmoja, kuangalia tu. Wewe utafanya hivyo hadi harusi.

Wiki ya kwanza ni tamu, sitaki kukuficha. Septemba 1948, katika Kliniki ya Mayo huko Marekani, Philip Hench alimpa kotisoni mwanamke wa miaka 29 ambaye baridi yabisi ilikuwa imemlaza hata kujigeuza kitandani ni shida. Baada ya siku chache alikuwa anatembea, akaenda mjini madukani. Hench na wenzake wawili, Kendall na Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1950. Muda si muda madaktari wakagundua kwamba baadhi ya wagonjwa hawakupona maumivu tu: walikuwa na furaha isiyo na sababu, hawalali, wanaongea mfululizo, na wachache wakarukwa na akili. Hollywood ikatengeneza filamu juu ya dawa hiyo mwaka 1956, Bigger Than Life, kuhusu mwalimu anayemeza kotisoni mpaka anajiona mkubwa kuliko wanadamu wote. Ukiwa Mandera huna haja ya kuitafuta filamu hiyo. Utamtambua mhusika mkuu kwa kupiga simu saa 8 usiku kubadilisha idadi ya mbuzi wa kuchinjwa, na kwa kumaliza sufuria ya wali akiwa amesimama.

Wangapi hufika kwenye wazimu wenyewe? Mwaka 1972 watafiti wa Boston walichapisha hesabu ya wagonjwa 676 wa hospitali waliotumia prednisoni. Kwa waliopata miligramu 40 au chini kwa siku, waliopatwa na matatizo ya akili walikuwa asilimia 1.3, kwa waliozidi 80, asilimia 18.4. Dozi ya bahasha, ukiigeuza kuwa prednisoni, iko chini ya hiyo 40, hata ile 2×3 yako, kwa hiyo usijipe moyo sana. Wengi huishia njiani: usingizi umekatika, hasira zinakuja bila kuitwa, unamlilia mshonaji kwa ajili ya kifungo, halafu siku mbili hutaki kuona mtu.

Ukiwa katika wale wachache, ukaanza kujibu sauti ambazo wengine hawazisikii, familia itafanya la heshima na kumwita sheikh akusomee. Sheikh hana kosa lolote. Hakuna aliyemwonyesha bahasha. Endelea kumeza katikati ya visomo, ili jini aonekane mkaidi. Wakishauri upelekwe hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, ni safari ya kilomita 1,000 hivi, na bahasha ni ndogo, inaingia kwenye pochi.

Wanaume wanaosoma haya wakitabasamu, hasa walio kwenye kikao cha miraa: ile sindano ya mgongo mnayochomwa kila mara kwenye kibanda kile kile, ambayo huwaamsha kama vijana, ulizeni jina lake. Huenda ni ukoo huo huo wa steroidi. Mkichanganya na miraa, usingizi mtausikia kwa majirani.

Mashavu yakishaanza kujaa, shughulikia rangi. Bibi yako alijipaka unga wa majani ya qasil na huruud, yaani manjano, akaolewa, lakini yeye hakuwa na simu yenye kamera. Wewe nunua kopo lisilo na lebo, lile la krimu iliyochanganywa na kijiko nyuma ya duka. Likiwa na klobetasoli, ambayo ni kati ya steroidi kali kuliko zote za kupaka, utakuwa umebahatika kupita maelekezo: watengenezaji husema isizidi wiki 2 mfululizo, wala gramu 50 kwa wiki, na isipakwe usoni. Wana sababu zao. Paji la uso hunyonya steroidi mara 6 kuliko mkono, na pembe ya taya mara 13. Ngozi ikifunikwa na kutoa jasho hunyonya zaidi, na wewe umebarikiwa jilbabu nzito na mji ambao joto hupita nyuzi 35 bila kuomba ruhusa. Kinachopita kwenye ngozi huingia kwenye damu, kinafika kule kule juu kwenye haipothalamasi na kuongeza usingizi wa tezi zako. Serikali imepiga marufuku vipodozi vya zebaki, haidrokwinoni na homoni, ila makopo yenyewe hayasomi matangazo. Jambo dogo la mwisho hapa: vifundo vya vidole havikubali kung'aa. Vitabaki vyeusi juu ya mkono mweupe, kila mtu avione unapopokea zawadi. Jipake hina nyingi.

Utagundua pia kwamba kuinuka kutoka kwenye mkeka kunahitaji kushika ukuta, kwa sababu misuli ya mapaja imeliwa. Bibi harusi hatakiwi kuinukainuka.

Sasa hatua iliyo muhimu kuliko zote, ambayo watu wengi huitekeleza vizuri bila hata kufundishwa. Harusi imeisha, picha zimetumwa hadi kwa jamaa wa Minneapolis, Marekani, mashavu yamesifiwa. Acha vidonge. Siku hiyo hiyo, vyote, na kopo pia. Tezi zimelala kwa muda mrefu na huchukua wiki, mara nyingine miezi, kuamka. Mwaka 1855, huko London, Thomas Addison alieleza wagonjwa ambao tezi zao za adrenali zilikuwa zimekufa: uchovu usio na mfano, kutapika, moyo dhaifu. Yeye alidhani inahitaji ugonjwa. Hakuwahi kuona bahasha ya kaki. Utachoka, utatapika, utasikia kizunguzungu ukisimama. Ukipatwa na homa au kuhara kidogo tu, ambako mwili wa kawaida ungeongeza kortisoli, wako hautakuwa na cha kuongeza. Shinikizo la damu litashuka, sukari itashuka, maneno yatakuchanganyikia, na unaweza kupoteza fahamu. Kila mtu atasema ni jua.

Wapo wabishi wanaoharibu mpango huu. Hawaachi ghafla. Wanapanda tuktuk hadi hospitali ya rufaa ya kaunti wakiwa na bahasha na kopo mkononi, wanamwambia daktari wamemeza nini, kiasi gani, tangu lini, hata kama habaryar amekaa pale pale. Daktari hupunguza dozi kidogo kidogo, huwapa maelekezo ya siku za homa, na huwaambia wenye pumu wanaotumia prednisoloni kwa cheti wasiiache kwa kusikia habari za harusi ya mtu. Watu kama hao hawana siri na ni shida kuwaoza.

Wewe, kwa kuwa umefuata mwongozo hadi hapa, bado una kopo nusu. Usilitupe. Binamu yako ameshachumbiwa, harusi ni baada ya mfungo, na juzi habaryar alimtazama. Mfungie kwenye leso. Akikuuliza limetengenezwa na nini, mwambie ni la asili.