Gobore Kavu, Mzee Kalowa

Mvua za Kasulu na Kibondo hazina haya. Zikishachanganya mwezi wa Novemba, tunaagana na vumbi mpaka Mei, na katika muda huo kila chenye kulowa kitalowa: kuni, sare za shule, maharage yaliyosahauliwa uani na mgongo wa abiria wa bodaboda. Nyumbani kwa baba mdogo, kwenye vilima vilivyo kati ya miji hiyo miwili, kuna kitu kimoja tu ambacho mvua imepigwa marufuku kukigusa. Si mtoto, wala si hati ya shamba. Ni gobore.

Gobore lenyewe ni halali, na nalisema hili mapema ili msomaji wa serikali asisumbuke. Leseni ipo. Imo ndani ya kopo la biskuti, lililo ndani ya ndoo yenye mfuniko, iliyo juu ya kabati, nayo ndiyo karatasi pekee ya nyumba ile isiyoujua unyevu. Kazi ya gobore ni kulinda mahindi na muhogo dhidi ya nguruwe pori na, mzee akipata kibali cha kuwinda, kutafuta kanga wawili watatu. Bila kibali halivuki mpaka wa shamba. Ukikutwa nalo kule mashariki, kwenye Pori la Akiba la Moyowosi, askari wa wanyamapori hawatakuuliza habari za mvua.

Tatizo ni kalenda. Msimu wa kuwinda hufunguliwa Julai, katikati ya kiangazi, gobore likiwa na afya tele. Nguruwe pori naye ana kalenda yake. Anasubiri mahindi yatie punje, na mahindi hutia punje mvuani. Halafu huchagua usiku wa mvua kubwa, mlinzi akiwa amejivuta ndani ya blanketi kibandani. Baba mdogo anaapa kwamba nguruwe hao hunusa baruti iliyolowa toka ng'ambo ya bonde.

Tuelezane kidogo jinsi linavyofanya kazi, maana vijana wengi wa siku hizi wameliona gobore mahakamani tu, likiwa kielelezo. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unafuatisha kitambaa, unashindilia kwa ufito. Unatia gololi, unafuatisha kitambaa kingine, unashindilia tena. Nyuma kuna kitundu, na juu ya kitundu unavisha fataki. Ukivuta, nyundo inagonga fataki, moto unapita kitunduni, baruti inawaka, nguruwe anajuta. Maji yakiingia popote katika safari hiyo, anayejuta ni wewe. Baruti nyeusi ni shura sehemu 75, mkaa 15 na kiberiti 10. Ikishalowa, hakuna maombi yatakayoiwasha.

Na hili la fataki ni la juzi. Kabla yake zilikuwapo bunduki za gumegume: jiwe linagonga chuma, cheche zinaangukia kwenye kisahani kidogo cha baruti kilicho nje, palepale mvua inapopita. Mwaka 1807 mchungaji wa Uskoti, Alexander Forsyth, aliyependa kuwinda ndege, alisajili njia ya kuwasha baruti kwa kugonga kemikali. Kutokana na njia hiyo ndiko zilikotoka fataki baadaye, na Ulaya ikalisahau gumegume.

Ililisahau mpaka mwaka 1890. Mwaka huo mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba kule Brussels. Ulikuwa mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa, na ndani yake mlikuwa na marufuku ya kuingiza silaha za kisasa katika eneo la Afrika kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta mpaka nyuzi 22 kusini. Mkoa wetu wa Kigoma wote umo humo. Zilizoruhusiwa kupita ni bunduki za gumegume zenye mtutu laini usio na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Yaani mabwana wakubwa walikaa mezani wakakubaliana kwamba babu zetu wauziwe bunduki ambayo wingu likijikusanya tu, inakwenda likizo. Nilipomsomea baba mdogo habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo hata mvua za kwetu Buha walikuwa wanazijua?"

Basi turudi kwenye vita yenyewe. Mlango wa kwanza wa maji ni mdomo wa mtutu. Zamani baba mdogo aliufunika kwa mfuko wa rambo na kipande cha mpira wa baiskeli, mambo yakaenda. Kisha ikaja tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchi nzima. Mzee alikuwa na akiba ya rambo kadhaa chini ya godoro, akawa anazitunza kwa siri kuliko baruti. Siku mtendaji alipopita kukagua vyoo, mzee alilitoa gobore hadharani na leseni yake kwa moyo mweupe, ila rambo lilikuwa limeshavuliwa na kuingizwa ndani ya soksi. Nchi imebadilika: bunduki haina kesi, mfuko una kesi.

Rambo la mwisho lilipochanika, mpwa mmoja aliyewahi kufanya kazi na wazungu akamwambia dawa ipo zahanati, tena haiuzwi. Kesho yake mzee akajipanga kwenye foleni na kofia yake mkononi.

"Shikamoo, baba," akasema muuguzi.

"Marahaba, mwanangu. Naomba kondomu."

Benchi zima likakohoa. Muuguzi, kwa adabu ya kazi yake, akauliza kama anajua matumizi.

"Najua. Ni za gobore."

Muuguzi akadhani ni lugha ya wazee, akaandika kwenye daftari. "Nikupe ngapi, baba?"

"Za kunifikisha mwezi wa tano."

Habari ilifika bombani kabla mzee hajafika nyumbani. Mama mdogo alikuta ndoo yake imeshajazwa na wenzake, na kila mmoja anampa hongera. Alirudi bila ndoo. Mzee ilibidi alitoe gobore, alivalishe mbele yake, na kumwonyesha kwamba likivaa mdomo haupitishi tone, na kwamba risasi hutoka bila hata kulivua. Nami nikaingilia kumtetea: nikaeleza kwamba hata askari wa Marekani na Uingereza walipovuka bahari kwenda Normandy, Juni 1944, wengi walifunika midomo ya bunduki zao kwa vitu hivyohivyo ili maji ya chumvi yasiingie.

Mama mdogo akanitazama. "Na hao," akauliza, "wake zao waliambiwa?"

Mlango wa pili ni kitundu cha fataki, na hapa Kibondo tumebarikiwa, maana palipo na asali pana nta. Ukishavisha fataki, unazungushia nta kidogo pembeni, maji hayapenyi. Kidogo, nasema. Ukiipaka kwa ukarimu inaingia kitunduni, na hapo umejenga ukuta kati ya moto na baruti. Ndiyo maana mzee, kabla ya kupakia, hufyatua kwanza fataki tupu ili kitundu kikauke na uchafu utoke. Akishapakia, anafunika nyundo na fataki kwa ngozi ya mbuzi iliyopakwa mafuta. Juu ya ngozi ndipo unapokuja mwavuli.

Mwavuli wa nyumba ile ni mmoja, na haki yake ilishaamuliwa kitambo. Tukienda shambani usiku, mzee anatangulia na kurunzi, mimi nafuata nimelikumbatia gobore, mdomo ukitazama chini, mwavuli nimeuinamisha upande wake. Tukifika kibandani gobore ni kavu kabisa. Sisi wawili tunakamuliwa.

Mlango wa tatu hauonekani, nao ni hatari kuliko yote: hewa. Masizi yanayobaki mtutuni baada ya kufyatua huvuta unyevu hewani, na kwa masika ya kwetu yakilala usiku mmoja, asubuhi mtutu una kutu. Dawa yake ni maji ya moto na sabuni, kukausha vizuri, halafu mafuta. Mafuta gani? Sisi ni watu wa Kigoma. Mzee alipaka mawese.

Kwa siku za joto gobore lilinukia vizuri, mpaka ukipita karibu nalo unawaza maharage. Panya nao wakawaza hivyo hivyo, wakatafuna ufito wa mti na nusu ya mkanda. Ila mawese yana tabia moja inayojulikana na kila mpishi: baridi ikishuka yanaganda. Na huku juu baridi ya usiku inashuka kwelikweli. Nguruwe wakaja, mzee akalenga, akavuta. Tuliiona nyundo kwa macho yetu ikishuka taratibu kama mzee anayekaa kitini, ikaigusa fataki bila kuiamsha. Nguruwe mmoja aliinua kichwa, akatutazama, akaendelea kula. Tangu hapo mawese yamerudi jikoni na gobore linapakwa mafuta ya cherehani, machache, na mtutu hufutwa mpaka ukauke kabla ya kupakia. Maana hapo pana mtego: mafuta yanayozuia kutu ndiyo hayohayo yanayoharibu baruti.

Kuhusu baruti yenyewe, nitasema kwa ufupi kwa sababu mama mdogo hataki kukumbushwa. Baruti hutunzwa kwenye pembe au chupa yenye kizibo, mahali pakavu, na mahali pakavu kuliko pote katika nyumba ya masika ni kichanja cha juu ya mafiga, kunakokaushiwa mbegu. Mzee aliona mantiki. Mama mdogo aliona pembe. Siku ile chakula kilipikwa kwa jirani, mafiga yalihamishiwa uani mvuani, na mzee alikula mwisho. Baruti ikilowa, kama ni lazima, huanikwa juani na mbali na moto wowote, pamoja na sigara. Jua lisipokuwapo, subiri jua.

Usiku wa mwisho wa mwezi wa Machi mambo yote yalikuwa sawa. Mdomo umevikwa, fataki imezungushiwa nta, ngozi ipo, mwavuli upo. Nguruwe wakaingia upande wa bondeni, familia nzima. Mzee akalenga, akavuta. Fataki ikalia: ta! Kisha kimya. Gobore lenye unyevu lina desturi hii, nayo imeshang'oa vidole vya watu: likikataa, huenda halijakataa, linafikiri. Moto unaweza kuwa unatambaa polepole ndani. Kwa hiyo hulishushi, huchungulii mdomoni. Unalielekeza pasipo na mtu, unahesabu mpaka sitini. Mzee akaligeuzia kilimani, akaanza: moja, mbili, tatu.

Alipofika kumi na tano, mama mdogo alitoka na debe tupu la mafuta ya kupikia na mwiko wa ugali. Alilipiga mvuani, bila mwavuli, akitaja majina ambayo siwezi kuyaandika. Nguruwe waliondoka kwa mstari, wadogo mbele. Mzee alikuwa amefika hamsini na mbili gobore lilipolia, likapasua usiku na kukiumiza vibaya kilima, nguruwe wakiwa wameshavuka mto.

Asubuhi majirani walikuja kumpongeza mzee kwa mlio. Aliupokea mkono wa kila mmoja.

Wewe uliye na gobore lenye leseni, shika haya: usilihifadhi likiwa limepakiwa, lioshe siku hiyohiyo ulipolifyatua, futa mafuta kabla ya baruti, na likikugomea hesabu mpaka sitini. Ukimuua mnyama mharibifu shambani, toa taarifa mapema kwa afisa wanyamapori, kwa sababu hata nguruwe wa shamba lako ana sheria yake, ya mwaka 2009. Na wewe usiye na gobore, usione umekosa kitu. Tafuta debe. Halina leseni, halina baruti, na likilowa linalia vilevile.