Mashine Safi, Haina Shida

Ofisini kwetu tuko sita, na siku ya kununua kompyuta wote sita ni wataalamu. Siku ya kuzilipia anabaki mama mhasibu peke yake.

Bosi alitaka vitu vipya, vyenye boksi. Zikaletwa laptop nyembamba, bei poa, RAM GB 4, hifadhi GB 64. Dada wa mapokezi akasifia rangi. Windows peke yake ilishakalia sehemu kubwa ya hizo 64 kabla hatujaandika hata barua moja. Sasisho la kwanza likaja kuomba nafasi, likakosa, likarudi kesho yake na keshokutwa kama mdai wa kikoba. Mama mhasibu akaishia kufuta picha za harusi ya mdogo wake ili Excel ifunguke.

Ndipo tukageukia mtumba. Kariakoo utazikuta kompyuta za mezani zilizostaafu maofisini huko nje, zimepangwa hadi karibu na dari: OptiPlex za Dell, EliteDesk za HP, ThinkCentre za Lenovo. Mimi nazipenda, niseme wazi. Ziliundwa kwa kazi za ofisi, nyingi unafungua kifuniko bila bisibisi, na spea hazisumbui. Kinachosumbua ni muuzaji.

“Core i5 hii, bosi wangu. Mashine safi, haina shida.”

“i5 ya lini?”

“Ya Uingereza.”

Wengi hapo ndipo wanapotoa hela. Lakini i5 zimeanza kutoka 2009, kwa hiyo stika peke yake haikwambii kitu. Soma namba inayofuata: i5-2400 ni kizazi cha pili, ya 2011, i5-8500 ni cha nane, ya 2018. Na tofauti hiyo inauma mfukoni, maana kwa mashine hizi za Intel, Windows 11 kwa kawaida inazikubali kuanzia kizazi cha nane, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Pale dukani zote mbili zilikaa meza moja, na kongwe ndiyo iliyokuwa imefutwa vumbi vizuri zaidi.

Kijana wetu wa stoo akaomba moja iwashwe. Akachomeka flashi yenye CrystalDiskInfo, programu ya bure inayopima afya ya diski. Saa ilizofanya kazi: zaidi ya 40,000. Ukipiga hesabu, hiyo ni zaidi ya miaka minne na nusu ya kuwaka usiku na mchana, Idd na Krismasi zikiwemo. Muuzaji akachungulia skrini, akatabasamu.

“Si unaona mwenyewe? Inavumilia.”

Tukamwachia mvumilivu wake. Tukachukua za kizazi cha nane, RAM GB 8, tukamwambia aweke SSD mpya za GB 256. Ofisi ndogo haihitaji zaidi ya hapo, na anayekwambia unahitaji ana mzigo umemdodea. UPS bosi alisema tutaiona mwezi ujao.

Mwezi ujao haujafika, umeme ukakatika wikendi nzima. Jumatatu kompyuta ya mama mhasibu ikaamka ikiamini tuko 2018. Kivinjari kikakataa tovuti zote, kikidai vyeti vyao vya usalama bado havijaanza kutumika. Mama akawapigia watu wa intaneti, akawagombeza. Wakamwomba azime rauta na kuiwasha. Akazima, akawasha, akazima tena, safari hii kwa hasira tu.

Kumbe ni CR2032, kile kibetri bapa cha kwenye bodi kinachotunza saa umeme usipokuwepo. Kilikuwa kimekufa. Fundi alikibadilisha kabla chai haijapoa. Bahati mbaya ankara za asubuhi ile zilishachapwa na tarishi ameshazipeleka, na mteja wetu mmoja alikuwa keshapiga simu: deni la mwaka 2018 yeye halitambui, tumtafute aliyekuwa meneja enzi hizo.