Sijida ya Wino

Ninayaandika haya hali ya kuwa ndewe za masikio yangu zingali nyeusi, kwani wino wa mashine ya kudurufu hausikii sabuni wala dodoki, hutoka kwa mafuta ya taa na subira. Mafuta ya taa yamekwisha, imebaki subira. Ijumaa iliyopita, mbele ya wanafunzi wa mkondo mzima wa asubuhi, mbele ya kamati ya skuli na wazee wa mji wetu hapa Pemba, na mbele ya mheshimiwa mmoja aliyevuka bahari kutoka Unguja kuja kutukagua, nilitukuzwa kwa uchamungu nisiokuwa nao, kisha, kabla utukufu huo haujapoa, nikachekwa kwa kazi niliyoifanya kweli. Tangu siku hiyo watoto wa darasa la kwanza, ambao adabu bado haijawakaa vyema, huniita Maalim Masizi.

Asili ya mambo ni mtihani wa hesabu wa darasa la nne. Duka la fotokopi lililoko mjini hudai fedha kwa kila ukurasa, na skuli yetu fedha haina. Inayo mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono, ambayo kila mwalimu mkuu humkabidhi mwenzake pamoja na funguo na madeni. Na mashine hii, pamoja na yote iliyonitenda, siwezi kuipita bila ya kuieleza, kwa kuwa sijaona bado chombo kilichonistaajabisha zaidi.

Kwanza huchukuliwa stensili, nayo ni karatasi nyepesi yenye nyuzinyuzi iliyopakwa nta, ikatiwa katika taipu ambayo utepe wake umewekwa kando, ili vyuma vya herufi viikate nta yenyewe. Hapo mwandishi haandiki kwa kuweka kitu juu ya karatasi, bali kwa kukiondoa. Kila herufi ni upenyo, na mtihani mzima, tangu jina la skuli hadi swali la mwisho, ni matundu matupu. Ukipiga kwa woga, herufi haionekani. Ukipiga kwa ghadhabu, zile zenye tumbo, kama o na sifuri, hukatika mviringo wote tumbo likadondoka, na katika nakala hutokea mahali pake jicho jeusi linalomkodolea mtahiniwa. Ukikosea, ipo dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha. Huipaka juu ya kosa, ukaipuliza, ukangoja ikauke, ndipo ukapiga upya, na mwalimu asiyejua kungoja hupata tundu juu ya tundu.

Stensili ikisha kuwa tayari hutandazwa juu ya silinda iliyotobolewa vijitundu na kuvikwa kitambaa. Wino hukamuliwa ndani yake, mpini huzungushwa, karatasi huvutwa mojamoja na kubanwa baina ya silinda na roli ya mpira, na pale tu nta ilipokatwa ndipo wino hupenya. Mamia ya nakala hutoka kwa stensili moja bila ya cheche ya umeme. Edison wa Marekani alikuwa amepewa hataza ya kalamu ya umeme yenye sindano ya kutoboa karatasi mwaka 1876, lakini David Gestetner, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia London, ndiye aliyeleta mwaka 1881 kalamu yenye kigurudumu chenye meno iliyotoboa bila ya kuhitaji umeme, na kwa ajili hiyo mimi humhesabu miongoni mwa wafadhili wa walimu masikini, wafadhili ambao si wengi kiasi cha mtu kuweza kuwabagua. Laiti angalifundisha Pemba mwezi wa Februari, akauona wino unavyolainika kabla ya saa mbili za asubuhi, bila shaka angaliongeza kitu cha kuuzuia.

Kitambaa cha silinda yetu kilikuwa kimechanika. Ombi la kipya limo katika faili, limegongwa mihuri yote linayostahiki. Asubuhi ile wino uliupata mwanya huo, ukanimiminikia viganjani hadi vifundoni, nami nikaendelea kuzungusha, maana watoto walikuwa wakingoja karatasi. Na jasho liliponijia machoni nilijipangusa kwa nyuma ya mkono. Nakala ya mwisho ilikuwa inatoka ndipo Mwalimu Mkuu akachungulia mlangoni, akasema, “Maalim, mgeni keshafika, twende hivyo hivyo.” Nikaenda hivyo hivyo, kanzu yangu ya Ijumaa ikiwa imesalimika kwa rehema za Mungu, na mikono nimeificha nyuma.

Habari za viganja vyangu nilikuwa nazo. Habari za paji langu la uso sikuwa nazo. Mheshimiwa aliniangalia kwa utulivu, akaiona mikono yangu iliyofungwa nyuma akaidhania kuwa ni unyenyekevu, akauona mviringo mweusi katikati ya paji akaudhania kuwa ni sijida, alama ile inayowatoka watu wa sala za usiku, akamgeukia Mwalimu Mkuu na kusema kwa sauti ya kusikiwa na wote, “Mashaallah! Kumbe mnaye mtu kama huyu hapa. Sheikh wangu, tufungulie kwa dua.”

Mtu akiombwa dua mbele ya wazee hawezi kukataa. Niliinua viganja kuelekea usoni kwangu, nikavifunika nusu kwa mikono ya kanzu, nikaomba kwa urefu ambao Mwalimu Mkuu hakuuzoea kwangu, kwa kuwa kila nilipokaribia mwisho nilikuwa sijaona njia ya kuvishusha. Nikawaombea wazazi, wanafunzi, wasafiri wa baharini, mvua za vuli, mazao ya karafuu, na, kwa ibara ya mafumbo, kitambaa cha silinda. Kisha umati ukaitikia Amin, na viganja vyangu, ambavyo tangu utotoni chuoni vimezoeshwa kuihitimisha dua kwa kupangusa uso, havikuningoja.

Kicheko kilianzia safu ya darasa la kwanza, kikapanda darasa baada ya darasa kwa utaratibu ambao mazoezi yetu ya gwaride hayajawahi kuufikia. Mheshimiwa alitoa kitambaa cha mfukoni; nilidhani ni changu, kumbe ni cha kuzibia mdomo wake.

Kufikia hapa mwenyewe nilikuwa tayari kucheka. Lakini jana tumeisoma taarifa ya ukaguzi, na ndani yake mna sentensi isemayo kwamba walimu wahimizwe usafi. Bunda la karatasi zilizopigiwa mtihani ule nililinunua kwa fedha zangu, halikutajwa. Darasa la watoto wanaokaa wanne wanne katika madawati ya watu wawili halikutajwa. Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, na ni jambo la kheri ambalo mimi mwenyewe nimeyala matunda yake, lakini yaelekea wako wakubwa walioifahamu kuwa ni bila ya malipo kwa anayesoma na anayesomesha. Nilipodhaniwa kuwa nimesujudu nilipewa heshima. Ilipobainika kuwa nimefanya kazi niliandikiwa taarifa.

Misukosuko mingine ya kazi hii haina uzito huo. Msimu wa karafuu nusu ya darasa huhamia mashambani. Mvua ikipiga mabati, somo huendelea kwa ishara. Mzazi mmoja amekata shauri kuwa mwanawe hupata sifuri kwa sababu ya mpaka wa shamba baina ya babu yake na babu yangu.

Mtihani, hata hivyo, ulifanywa. Taipu yetu ina sifuri kali, na katika swali la tano, lililotaka 406 igawanywe kwa 7, sifuri ilidondoka tumbo, ikabaki nne, doa, na sita. Wengi wa watoto waliliruka. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sijaisikia sauti yake, aliandika pambizoni: “Maalim, namba ya kati imeziba. Nimejaribu nne, sita, nane na tisa, zote zinabakisha. Saba inakubali, lakini saba haina tumbo la kuziba. Nimefanya sifuri. Jibu 58.”

Nilisoma mara nyingi kuliko usahihishaji unavyohitaji. Nikampa alama zote za swali, na moja ya ziada isiyokuwamo katika mwongozo. Na akitokea mkaguzi wa kuniuliza alama hiyo imetoka wapi, nitampa karatasi safi na swali la tano kama lilivyotoka, doa lake likiwa palepale, nimtake aniambie chini yake pana namba gani.