Tovuti Bora Inakaa Nyuma ya Mashine ya Fotokopi

Vijana wa siku hizi wakikaa kijiweni hushindana kusifia tovuti. Huyu anasema bila YouTube asingejua hata kupika wali, yule anaapa kwa Google, mwingine kahamia kwenye akili mnemba na hata salamu za rambirambi anaandikiwa. Nikiulizwa mimi, wananicheka: tovuti yoyote naipenda, ili mradi niifungue nikiwa nimesimama nyuma ya kijana wa steshenari. Nikiachwa nayo peke yangu, tunagombana kabla ya ukurasa wa pili.

Steshenari ninayoisema iko Tandika, fremu moja tu, kushoto duka la dawa, kulia mama lishe. Ndani kuna mashine ya fotokopi, kompyuta mbili ambazo moja ni ya maonyesho, kitambaa cha bluu cha kupigia picha za pasipoti saizi, na bango lililoandikwa kwa mkono: TIN, vyeti vya kuzaliwa, mikopo ya wanafunzi, ajira, pasipoti, laminesheni, soda baridi. Serikali nzima imeenea kwenye fremu ile, na soda juu.

Waliotengeneza tovuti, kwa maoni yangu, walimuwaza mtu wa namna moja. Amekaa peke yake chumbani, kimya. Ana barua pepe yake, anazikumbuka nywila zake zote, na ukimwamsha usiku wa manane atakutajia msimbo wa posta wa kata yake. Mtu huyo mimi Tandika sijakutana naye. Ninayemfahamu ni mama yangu mdogo, na ndiye niliyemsindikiza siku moja hadi steshenari.

Mama mdogo ni nesi mstaafu. Ofisi moja, ambayo jina lake nalihifadhi kwa sababu bado wanashikilia hela zake, ilimtumia ujumbe kwamba ahakiki taarifa zake mtandaoni, "kwa urahisi zaidi, popote ulipo". Popote alipopataka yeye ni pale kwenye benchi la steshenari, mkoba mapajani, foleni nyuma yake.

"Mama, nitajie namba ya NIDA," kijana akasema.

Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa mwenye nayo. Aliyeipanga hivyo hakuwa na nia mbaya, ila hakufikiria steshenari. Mama mdogo ana miaka hamsini na kitu tangu enzi za urais wa Kikwete. Akamsogezea kijana kitambulisho kimyakimya, kifudifudi, kama mtu anayetoa rushwa. Kijana akakigeuza na kuanza kuandika, na kijana yule haandiki bila kutamka.

"Moja, tisa, tano, sita..."

Foleni ikanyamaza. Nyuma yetu alikuwepo jirani mmoja ambaye kwa miaka yeye na mama mdogo wamekuwa wakiitana "shoga" na kugawana vitenge sare kwenye harusi. Akainama kidogo, kwa heshima zote, akasema, "Kumbe! Shikamoo, mama."

Mama mdogo hakuitikia. Mpaka leo shikamoo hiyo haijapata marahaba yake.

Ikafuata barua pepe. Hana. Kijana kwa kawaida hutumia ya kwake, na naamini kuna mifumo nchini inayodhani nusu ya Tandika ni mtu mmoja mwenye majina mengi. Lakini safari hii mfumo ulikataa, ukasema anwani hiyo imeshasajiliwa. Akamfungulia mpya pale pale, na kuichapa nywila bila kumuuliza: Zainabu@2024. Nikamwambia mama mdogo si Zainabu.

"Najua, bro. Lakini wanataka herufi kubwa, namba, na alama. Zainabu@2024 haijawahi kukataliwa."

Usimcheke. Masharti hayo ya herufi kubwa na vialama yalienea duniani kutokana na mwongozo uliotolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, na aliyeuandika, Bill Burr, mwaka 2017 alijitokeza hadharani akiwa amestaafu, akasema sehemu kubwa ya aliyoshauri anaijutia. Watu, wakilazimishwa kuweka vialama, huviweka pale pale kila mtu anapoviweka. Mwaka huo huo taasisi ikatoa mwongozo mpya uliolegeza masharti hayo, na ule utaratibu wa kubadilisha nywila kila baada ya muda ukaondolewa. Habari hizo bado ziko njiani kuja Tandika.

Halafu likaja swali la usalama, lile la kukusaidia siku ukisahau nywila. "Mnyama wako wa kwanza wa kufuga aliitwa nani?"

"Nifuge mnyama nimpe jina?" mama mdogo akashangaa. "Kwetu kulikuwa na paka."

"Aliitwaje, mama?"

"Paka."

Kijana akaandika Paka. Mfumo ukagoma: jibu lisipungue herufi tano.

"Andika Nyau," jirani wa shikamoo akashauri. Herufi nne. Mzee mmoja aliyekuja kutoa kopi ya hati ya kiwanja akauliza kama hakukuwa na mbuzi. Alikuwepo, aliitwa Mbuzi, nayo ni herufi tano kamili, lakini mama mdogo akasema mbuzi yule alikuwa wa mjomba na yeye hataki kudanganya serikali. Mwishowe akakata shauri. "Walikuwa wengi. Andika Mapaka." Mfumo ukapokea Mapaka kwa moyo mkunjufu.

Wataalamu wa usalama watasema siri iliyotajwa mbele ya foleni si siri tena. Ni kweli. Lakini wiki chache baadaye akaunti ilijifunga, mfumo ukauliza tena jina la yule mnyama, na mama mdogo alikuwa kashasahau kama aliandika Paka, Mbuzi, au jina la marehemu mume wake. Aliyetuokoa ni mama lishe wa fremu ya jirani, akiwa anakoroga maharage, hata kichwa hakuinua: "Si mlisema Mapaka?"

Turudi kwenye siku yenyewe. Baada ya paka, mfumo ukataka uthibitisho kwamba mama mdogo si roboti. Zikaja picha tisa, na agizo la kuchagua zote zenye pikipiki. Hapo kijana akanyoosha mgongo, akamwita dereva wa bodaboda aliyekuwa anasubiri kulaminetiwa leseni, maana kila fani ina wenyewe. Dereva akainamia skrini kwa uzito wa fundi aliyeitwa kukagua ajali.

"Hii ndiyo. Hii ndiyo. Hii siyo, hii ni skuta."

"Ina magurudumu mawili," nikasema.

"Bro, hiyo inaendeshwa kwa kukaa kama uko sebuleni. Siyo pikipiki."

Tukaiacha. Mfumo ukatukataa, ukaleta picha nyingine, safari hii tuchague bomba la zimamoto, lile dude fupi jekundu la kandokando ya barabara za Marekani ambalo wengi pale walikuwa wameliona kwenye filamu tu, likigongwa na gari. Mzee wa hati ya kiwanja akasema ni sanduku la posta. Tukapiga kura. Watu watano wazima, wenye akili timamu, tulishirikiana kuthibitisha kwamba mtu wa sita ni binadamu.

Kipimo hicho, CAPTCHA, kilipewa jina na Luis von Ahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Baadaye von Ahn aliona watu wanapoteza muda mwingi kwenye kipimo hicho, akaamua muda huo ufanye kazi. Mwaka 2007 ikaja reCAPTCHA: yale maneno yaliyopindapinda tuliyokuwa tukiyakodolea macho yalitoka kwenye vitabu na magazeti ya zamani ambayo kompyuta ilishindwa kuyasoma. Kila ulipojithibitisha, ulikuwa unamchapia mtu kitabu chake bila malipo. Google ikainunua mwaka 2009. Bwana huyo huyo ni mwanzilishi mwenza wa Duolingo, ambayo inafundisha Kiswahili pia, kwa hiyo akifika Tandika hatapata shida ya lugha kutuomba radhi.

Tulipovuka bomba, tukadhani tumemaliza. Kumbe lililobaki ndilo lenyewe. Mfumo ukaandika kwamba umetuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya mhusika, na namba hiyo itakufa baada ya dakika moja. Simu ya mhusika, kwa mujibu wa kumbukumbu zao, ni laini aliyoinunua mwanawe zamani kwa alama zake za vidole, na sasa anaitumia mwenyewe Mwanza, kwenye kiwanda cha samaki.

Mama mdogo akapiga.

"Haloo, baba. Hujambo? Umeamkaje? Mkeo hajambo? Na watoto? Yule mdogo kikohozi kimeisha? Alhamdulillahi. Na mama mkwe wako, mguu?"

Mguu wa mama mkwe haukuwa mzuri, na maelezo yake yalikuwa marefu. Namba ikafa tukiwa kwenye goti. Kijana akaomba nyingine, akamsihi mama asiamkie, aende moja kwa moja.

"Soma namba iliyoingia!"

Kimya. Kisha sauti kutoka Mwanza, ikitetemeka: "Mama, nani kafariki?"

Na hana makosa. Kwetu mzazi akipiga simu bila salamu, mtu anaanza kutafuta nauli. Ya pili nayo ikafa tukiwa tunamhakikishia kwamba ukoo mzima uko salama. Ilipoingia nyingine, kijana wa Mwanza alikuwa ametulia na kuanza kufikiri, na kufikiri kwake ndiko kulikotuponza.

"Mama, hapa wameandika usimpe mtu yeyote namba hii."

"Mimi ni mtu yeyote?"

"Hapana, mama, lakini matapeli siku hizi wanaiga sauti."

Sauti ilikuwa kwenye spika. Foleni nzima, nami nikiwemo, tulikubaliana naye kimoyomoyo, maana nani kati yetu hajapata ule ujumbe wa "ile hela nitumie kwenye namba hii" kutoka kwa mtu asiyemjua? Kijana wa Mwanza akaona amthibitishe mama yake kwa swali la usalama la kwake mwenyewe. "Haya, kama ni wewe, nilipokuwa mdogo nilianguka kutoka kwenye mti gani?"

"Mti?" mama mdogo akapandisha sauti. "Wewe hukuanguka mtini hata siku moja. Wewe ulitumbukia chooni Idi mosi na kanzu mpya, ukatolewa na baba yako kwa kamba ya ndoo, na mpaka..."

"Nne saba moja tisa sifuri mbili!" Mwanza ikajibu.

Hilo ndilo swali la usalama. Lisingekuwa na herufi pungufu, na hakuna tapeli duniani ambaye angelijibu kwa kirefu namna ile.

Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa watu wetu hawajui kutumia mtandao. Wanautumia, ila wanautumia kwa kikundi. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, magazeti yalisifu simu. Simu ilistahili sifa zake, lakini pesa iliingia vijijini kwa sababu kulikuwa na wakala kibandani wa kumuuliza "imeenda?", naye akatazama na kujibu "imeenda". Kijana wa steshenari ni wakala wa tovuti. Ana daftari la kaunta lenye nywila za mtaa mzima, jambo ambalo mtaalamu akiliona atashika kichwa, na ana haki ya kukishika. Daftari lile likipotea tumekwisha. Lakini akitudhulumu tunakujua kwao, tunamjua shemeji yake, na Ijumaa tutamkuta msikitini. Tovuti ikinidhulumu nitamshika nani? Ile ya mama mdogo ina sehemu ya kulalamika kwamba umeshindwa kuingia kwenye akaunti. Ili uifungue, sharti uingie kwenye akaunti.

Mfumo ulipokubali, kijana alitaka kuchapa risiti ya uhakiki. Badala ya risiti likajitokeza dirisha lenye nyota tano tupu: je, umefurahia huduma yetu ya haraka na rahisi? Mama mdogo akavaa miwani, akasogeza kiti. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa na jibu alilolifahamu vizuri, tena refu.

Kijana akawahi. Akabonyeza nyota zote tano, akatuma.

"Usipowapa tano, mama," akasema, akivuta karatasi kutoka kwenye printa, "haichapi. Ni elfu mbili, na soda mia saba."