Saba Hadi Moja: Tukuyu Yaisikiliza Ave Africa

Sifa zilinifikia kabla ya santuri: roki kali ya Watanzania, haina mfano! Bendi ni Sunburst ya Dar es Salaam, sahani ni Ave Africa, iliyorekodiwa Zambia mwaka 1976, ikasahaulika hadi kampuni ya Strut ilipoirudisha sokoni mwaka 2016. Ukitoka Dar kwenda Lusaka unapita Uyole, na ukikata kushoto pale unafika kwetu. Basi Jumamosi moja ya mvua nikaifungulia spika jirani na stendi ya Tukuyu, kila aliyejikinga chini ya bati akatoa hukumu. Nazipanga kuanzia nyepesi kwenda nzito.

7. Kijana wa bodaboda: "Roki kali hii? Pikipiki yangu alfajiri ya Juni inaunguruma kuliko hilo gitaa." Kwa neno "kali" ana haki.

6. Fundi redio: "Kinanda kinapamba tu. Besi ndiyo fuso la ndizi, mzigo wote iko nao." Naunga mkono kwa mikono miwili.

5. Mwanakwaya wa Kikatoliki: "Niliposikia Ave nikamsubiri Maria. Akaja mpiga ngoma!" Hata hivyo, mguu wake ulikuwa umeshaanza kugonga sakafu.

4. Dereva wa lori la Zambia. Huyu alitupa darasa. Alisema tusiichanganye Sunburst na roki ya kule, ya WITCH na ya Paul Ngozi, ambayo gitaa lake linakwaruza kama msumeno. ("Ngozi wa ziwani kwetu?" binti mmoja akadakia. Hapana, mwanangu, wetu ni ziwa, yule ni mtu.) Akaeleza kwamba Rais Kaunda aliagiza redio ya taifa ipige asilimia 95 ya muziki wa nyumbani, vijana wa Lusaka na Copperbelt wakajitengenezea roki yao wenyewe. "Hii ya Dar," akamalizia, "ni dansi lililovaa pekosi." Sijasikia maelezo mafupi yaliyo sahihi zaidi. Ndani mna fanki, soul na ngoma za kwetu, na gitaa la Hembi Flory Kongo linauma pale linapotaka, kisha linarudi kucheza na wenzake. Anayefuata msumeno atarudi mikono mitupu.

3. Mwanafunzi wa chuo, likizoni: "Wazungu wanaitafuta sahani ya zamani, sisi tunaitafuta chaji ya simu." Simu yangu ilikuwa na asilimia tisa.

2. Mwalimu mstaafu alitaka kujua mtindo wao unaitwaje. Nikamwambia: Kitoto. Akatabasamu kama aliyekutana na mtu wa kijijini kwao. "NUTA walikuwa na Msondo, Western Jazz Saboso, Afro 70 Afrosa. Enzi zile, kijana wangu, bendi bila mtindo ni mtu bila ukoo." Kwake hoja imekwisha: hawa ni wa ukoo wetu, hilo jina la roki wamebandikwa njiani. Nami hapo ndipo ninapoumia. Sahani hii imesifiwa kwa kitu ambacho si chake, na anayeijia kwa sifa hiyo huondoka akiidharau.

1. Mama muuza ndizi hakusema neno kwa nyimbo nne. Ulipofika Enzi za Utumwani, kisu kikasimama katikati ya ganda. James Mpungo anaimba kwa Kiswahili kinachoeleweka, na mnunuzi wa mbali anayelipia gitaa hawezi kujua anapitwa na nini. "Hawa hawapigi kelele," mama akasema. "Wanasema na mtu. Rudia huo, mwanangu."

Nikarudia. Mteja akaja kuuliza bei ya mkungu, akaambiwa asubiri wimbo uishe.