Kiingereza cha Miaka Miwili

Tuwapongeze maofisa wa udahili wa vyuo vya Uingereza kwa uangalifu wao. Binti wa Dar es Salaam amesoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Amemaliza Diploma ya IB, ile iliyozaliwa Geneva mwaka 1968: masomo sita, insha ya hadi maneno 4,000, na somo la nadharia ya maarifa, ambamo mwanafunzi hubanwa aeleze anajuaje kwamba anajua. Kapata alama 38 kati ya 45. Sasa chuo kinamuuliza, kwa adabu zote: je, Kiingereza unakijua?

Swali la haki kabisa. Nani ajuaye, huenda insha ile aliiandika usingizini. Basi na alipie mtihani wa IELTS, akae mbele ya mtahini aeleze mji wake una nini cha kupendeza. Akimaliza atapewa cheti chenye uhai wa miaka miwili, maana Kiingereza cha Mtanzania ni kama maziwa ya pakiti, lazima kiwe na tarehe ya mwisho.

Mwenzake wa dawati moja, mwenye pasipoti ya Australia na alama 27, hakuulizwa kitu. Na aulizwe nini? Pasipoti yake inaongea kwa ufasaha, tena kwa miaka 10 mfululizo.

Mzazi, usinung'unike. Andaa ada ya mtihani mapema. Fedha yako haitaulizwa inajua lugha gani.